Mama, asante kwa ile sauti ya mvua

Shikamoo mama, mbukwenyi hapo nyumbani. Nyemo msomee mama taratibu usirukeruke, na kaka Mazengo kama yupo akae asikilize maana kuna lake humu.

Mama ile voisi ya dakika 4 uliyonitumia nimeisikiliza sijui mara ngapi. Najua ulikuwa unaniambia bati la jikoni linavuja, nimesikia, Ijumaa natuma laki 4, ile mbili iliyobaki mwezi wa kwanza Mungu akijalia. Ila kilichoniliza sio bati mama. Nyuma ya sauti yako mvua inapiga, ile ya kwanza tunayoingojea tangu masika yaishe, beseni limetegwa chini linadondokewa to, to, to, na Sechelela anaimba huku anatwanga, afu wewe unaniomba radhi kwa kelele. Usiombe radhi mama. Nilikuwa kwenye basi, saa 9 na nusu alasiri jua limeshazama, huku Aberdeen, Scotland, mwezi wa 12 ndio hivyo, nikaiweka masikioni nikapitiliza kituo.

Kazi inaenda. Baridi nimezoea. Na leseni ya gari nimepata! Mara ya kwanza tu, wenzangu wawili wamerudia, picha anayo Nyemo akuonyeshe na baba mdogo aione.

Kuna bibi namhudumia, jina siruhusiwi kulitaja, ana miaka 91. Jua linatoka saa 3 kasorobo asubuhi na yeye anataka pazia lifunguliwe kabla hata ya chai. Nyumba za mji huu nyingi ni za mawe ya kijivu, mvua ikikatika jua likiyapiga yanametameta kama yamenyunyiziwa chumvi. Bibi anautazama ukuta wa jirani anasema asante, kila siku, kama ndo anauona leo. Mwanzo sikumwelewa. Siku moja nikasogea dirishani nikaangalia vizuri, nikasema mbona hili ni jiwe letu! Lile la nyuma ya nyumba unapoanika mlenda, nalo lina vipunje vinang'aa hivyohivyo, na jioni ukishaukusanya mlenda jiwe bado la moto, sie watoto tunalala kifudifudi juu yake mpaka utuite kula. Miaka yote niliyokaa hapo nyumbani Mpunguzi sikushukuru kwa jiwe hata siku moja mama, nilikuwa nalalamikia vumbi tu.

Kaka shikamoo. Nimesikia kikaoni umesema shamba la zabibu likatwe viwanja maana mji umeshafika, na mimi niliye mbali sina kauli. Hilo limeniuma sana kaka. Ada ya Sechelela nani analipa? Sikusimangi, nasema ujue sijawatupa. Naelewa tangu serikali ihamie Dodoma kila mtu anatafuta kiwanja na bei imepanda. Lakini ile mistari ya karibu na mbuyu, marehemu baba akipogoa alikuwa anatuita tuone mzabibu unavyotoa machozi pale alipokata, tone moja moja, ananyamaza na sisi tunanyamaza. Na wewe ulikuwepo. Kama shida imebana kweli uza viwili vya upande wa barabarani, ya kwenye mbuyu nakuomba uiache, nataka nikija niikute.

Mama goti vipi? Kutwanga mwachie Sechelela. Huyo anayekuja huku mwezi wa 2 mpeni aniletee mlenda mkavu na ubuyu kidogo, hata wa kufunga kwenye gazeti.

Nyemo ukimaliza kusoma subiri mvua inyeshe tena, simu weka chini karibu na beseni, hata kama hamna la kuongea we acha irekodi. Afu ndo umuite fundi wa bati.

Mwanao