Kuvaa kama Papa Wemba kunaanzia begani, si kwenye lebo

Mhariri,

Sisi mafundi cherehani tunaomba nafasi kwenye safu yako tuseme na vijana wanaotaka kuvaa kama Papa Wemba, mwanamuziki wa Kongo. Ni wengi kuliko watu wanavyodhani, na baadhi yao hawajui hata wimbo wake mmoja. Wameiona picha kwenye simu, wamempelekea fundi, wamemwambia, "Nitoe hivi hivi." Lakini picha haina vipimo. Inaonyesha rangi na jina la kampuni, basi hela yote inaishia huko, na fundi anabakiziwa ya kupindia suruali tu.

Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba, maana ndilo jina lake, alizaliwa mwaka 1949. Mama yake alikuwa mwimbaji wa maombolezo misibani, na ile sauti nyembamba inayopanda juu mwanawe aliianzia huko. Alikuwamo kwenye bendi ya Zaiko Langa Langa tangu ilipoanza mwaka 1969, na mwaka 1977 akaunda bendi yake, Viva la Musica, pale Matonge, Kinshasa. Maskani yake aliifanya kijiji na kukiita Molokai, jina lililounganishwa kutokana na mianzo ya majina ya mitaa ya jirani: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia. Yeye ndiye akawa chifu wa kijiji hicho.

Kumbukeni hali ya Zaire wakati ule. Utawala wa Mobutu ulikuwa umepiga marufuku suti na tai, na mwanamume wa heshima alitakiwa kuvaa abakosti, koti lisilohitaji tai, ambalo jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti zipotelee mbali". Kijana aliyekatiza Matonge na tai shingoni alikuwa ameshasema la moyoni kabla hajafungua mdomo. Sape yenyewe, ule utamaduni wa vijana wa Kongo wa kuvaa kwa madaha, Wemba hakuibuni. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, walikuwa nayo kabla yake. Yeye na Stervos Niarcos, aliyeifanya nguo kuwa dini na kuiita dini ya kitendi, ndio walioipa Kinshasa moto wake. Mtindo aliousukuma Wemba mwaka 1979 uliitwa Ungaru, na uliirudisha mitindo ya miaka ya 1930: suruali zinazokwenda zikipungua kuelekea chini, viatu vya ngozi vyenye vitundu vya urembo, kofia za twidi zilizolazwa upande, nywele zilizopunguzwa vizuri.

Hiyo ndiyo shepu mnayoiona pichani. Sasa tuseme namna inavyopatikana, hata kwa suti ya mtumba kutoka soko la Karume.

Kwanza bega. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Ukitaka kuhakikisha, vaa koti, simama ubavu kwa ukuta kisha sogea taratibu. Kama sponji ya bega inagusa ukuta kabla ya mkono wako, koti hilo si lako, liache hata kama lebo yake inang'aa. Kiuno cha koti kinapunguzwa, mikono inafupishwa, lakini kupunguza bega ni kulifumua koti: unatoa mkono mzima, unatoa sponji, unakata bega, kisha unaurudisha mkono. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kichwa cha mkono hukatwa kikiwa kikubwa kuliko tundu la kwapa kwa sentimita 3 hadi 5, na ziada hiyo humezwa kidogo kidogo wakati wa kushona ili mkono uanguke vizuri. Ukikata bega, tundu linabadilika, na mkono wa zamani haukai tena kama ulivyokaa. Fundi mwenye haraka huibana ziada sehemu moja, na begani panatokea vijikunjo kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Pasi haiviondoi.

Kiunoni koti linaweza kuingizwa sentimita 4, 5 mwisho, zikigawanywa kwenye mishono ya pembeni na ule wa katikati ya mgongo. Ukizidisha, mifuko inahamia ubavuni na mpasuo wa nyuma unafunguka. Kwa upande wa pili, ukifunga kifungo ukaona mikunjo ya herufi X tumboni, koti linabana; angalia kwa ndani kama mshono una akiba, na kama hauna, usinunue.

Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono ili shati lichungulie sentimita 1 au moja na nusu. Kabla hujampa fundi, tazama vifungo vya mkononi. Kama matundu yake yamekatwa kweli, mkono huo hauwezi kufupishwa kwa chini bila matundu kusogelea ukingo. Itabidi ufupishwe kutoka begani, na bei yake ni nyingine.

Suruali ndiyo yenye Ungaru yenyewe. Inakaa juu kiunoni, ina marinda mbele, paja lina nafasi, kisha inapungua kuanzia juu kidogo ya goti. Kwa mwanamume wa umbo la wastani, mzunguko wa chini wa sentimita 34 hadi 36 unatosha. Ukishuka sana hapo, kisigino kinagoma kupita. Na tafadhali, upunguzaji ufanyike mshono wa nje na wa ndani kwa kipimo kilekile. Kupunguza upande mmoja ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana inapendwa, lakini mstari wa pasi unahama kutoka katikati ya goti na mguu unajizungusha kila mtu anapotembea. Ukiwa umesimama kwenye kioo huoni kosa hilo. Walio nyuma yako wanaliona.

Wapo watakaosema Wemba alipenda pia makoti mapana ya Yohji Yamamoto, mbunifu wa mitindo wa Japani. Ni kweli. Lakini koti lililokatwa liwe pana bado kola yake imeshika shingo nyuma bila kuacha pengo. Koti la namba 54 juu ya mtu wa 48 linaacha pengo la vidole viwili shingoni, na hilo ni koti la mtu mwingine.

Kuhusu kitambaa, msidanganyike na maandishi. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye akiba ya mshono, uwashe. Sufu inanuka nywele iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni. Poliesta inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Kwa joto la Dar es Salaam, chagua sufu nyepesi, na bitana iishie nusu ya mgongo. Pasi ipite juu ya kitambaa kibichi, kamwe isiguse sufu moja kwa moja, la sivyo panang'aa na hapazimiki. Wala msiloweke koti kwenye beseni la sabuni. Makoti mengi yamebandikwa kitambaa kigumu kifuani kwa gundi, na gundi ikiachia kifua kinafanya malengelenge yasiyo na dawa.

Rangi: zisizidi tatu, kuanzia kofia hadi soksi. Anzia kwenye viatu, kwa sababu ndivyo ulivyo navyo vichache.

Lingine ni lile Wemba alilolisisitiza kwa vijana mwenyewe, nalo halihitaji fundi: mtu awe amejitunza, amenyoa, ananukia vizuri. Kola yenye mstari wa jasho inaiangusha suti ya bei yoyote.

Mhariri, Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 na kufariki, kurasa nyingi ziliandikwa kuhusu kampuni alizozivaa. Ombi letu kwa kurasa zako za mitindo ni dogo. Mnapochapisha picha ya suti, mbali na bei na jina la kampuni, andikeni na upana wa bega, urefu wa mkono na mzunguko wa chini wa suruali. Kijana akija na namba hizo tatu, tunajua pa kuanzia.

Mafundi cherehani,
Kariakoo, Dar es Salaam