Korosho zipimwe unyevu kabla ya kupandishwa kwenye mzani

Mhariri,

Kila msimu wa korosho Mtwara na Lindi, malalamiko ni yale yale: mkulima kapima kilo zake AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), ghala kuu limepokea pungufu, na makato ya unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zikikauka, yanawashukia wote. Watu husema ni wizi. Wizi ukithibitika, sheria ifuate mkondo wake, lakini zipo kilo zinazopotea kwa maji tu.

Piga hesabu. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 14 zikikauka hadi asilimia 10, hubaki kilo 955 na ushei. Katika tani 10, zinazopotea ni kilo 444. Mzigo ukishachanganywa, aliyeanika vizuri anakatwa sawasawa na aliyeleta korosho mbichi. Huo ni uonevu, na ni sababu mojawapo ya wakulima wadogo kuuzia kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya hasara.

Vyama vya msingi vipime unyevu mbele ya mwenye mzigo. Sampuli itoke juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu mbichi mara nyingi huwa chini. Zilizozidi asilimia 10 zirudi juani. Stakabadhi iandikwe kilo, daraja na unyevu, na mkulima aondoke nayo siku hiyohiyo.

Nyumbani, okota kila siku na uondoe bibo lote, yaani tunda laini linaloshikana na korosho. Kipande kikibaki huoza na kuchafua ganda. Anika kwa tabaka jembamba juu ya mkeka au turubai siku mbili hadi tatu za jua kali, ukigeuza, na ufunike jioni kabla ya umande. Iliyokauka hulia ukiitikisa, na ukucha hauachi alama kwenye ganda. Tumia gunia la juti. La plastiki hufungia joto na unyevu, ukungu ukaingia.

Kazi hizi hufanywa sana na akina mama, ilhali fedha huingia kwenye akaunti ya aliyesajiliwa kuwa mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mume. Chama kimruhusu mke kujisajili na kupima mzigo wake kwa jina lake. Majina ya akaunti nayo yahakikiwe kabla ya mnada wa kwanza: yakipishana na daftari la chama, malipo hukwama benki, na huo ndio wakati kangomba anapobisha hodi.

Mdau wa ushirika,
Newala, Mtwara