Gari la umeme likichoka betri, nitamuuzia nani?

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi ilisema wasambazaji wa bidhaa tunasitasita kununua magari ya umeme kwa kuogopa umbali, yaani chaji kuishia njiani. Naomba nafasi niseme kidogo. Mimi nasambaza mikate hapa Tanga, na umbali haunisumbui. Kirikuu yangu, kigari kidogo cha mizigo, inatoka Ngamiani saa kumi alfajiri, inapita Chumbageni, inashika njia ya Pongwe hadi Muheza, kisha inarudi. Siku nzima haizidi kilomita 90.

Hesabu ya nishati nayo nimeipiga, nikaipenda. Kirikuu inakunywa lita 8 za petroli kwa siku. Lita ikiwa Sh 2,800, hiyo ni Sh 22,400. Gari dogo la umeme hukadiriwa kwenda kilomita 5 hivi kwa uniti moja, kwa hiyo njia yangu ni uniti 18. Kwa LUKU ya karibu Sh 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, nalipa Sh 6,400 na ushei. Hapo ninaokoa Sh 16,000 kwa siku, na mkate hauna Jumapili.

Sasa kwa nini bado napanga foleni sheli?

Nilikwenda kuomba mkopo. Ofisa aliyenihudumia, kijana muungwana kabisa, alifungua jedwali lake la thamani za magari. Kirikuu ya petroli ilikuwemo, mwaka kwa mwaka, na bei ambayo benki inaweza kuiuzia nikishindwa kulipa. Kwenye gari la umeme palikuwa patupu. Akaniuliza, "Mzee, tukilikamata, tutamuuzia nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Wengi wetu hununua magari yaliyotumika Japani. Kirikuu iliyochoka inafufuliwa na fundi yeyote chini ya mwembe, na baada ya miaka 5 bado ina mnunuzi. La umeme ni habari nyingine. Ndugu yangu mmoja alinitumia picha ya dashibodi ya Nissan e-NV200, gari dogo la mizigo la umeme, ile ya betri ya uniti 24, bei yake ya kuvutia sana. Pembeni mwa geji kuna vipande 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Vilikuwa vimebaki 8. Maana yake ni uniti 16 hivi, nami nahitaji 18. Mikate ingefika Muheza, lakini kurudi ni kwa dua. Betri ya gari hilo haipozwi kwa maji, na joto huichosha betri haraka. Joto la Tanga mnalijua wenyewe. Tunasema waja leo waondoka leo, lakini gari la namna hiyo lingekuja leo likabaki hapa hapa.

Msione ni ushamba wetu wa pwani; hata ng'ambo biashara ya magari haya imeyumba. Uingereza, kampuni ya Arrival ilipata oda ya magari ya umeme 10,000 kutoka UPS, wasafirishaji wa vifurushi, mwaka 2020. Februari 2024 ikawa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Oktoba 2025 General Motors walitangaza kuacha kutengeneza magari yao ya mizigo ya umeme ya BrightDrop kule Canada, soko limekuwa dogo kuliko walivyotarajia. Aliyeweza kuagiza 100,000 kwa Rivian, watengenezaji wa magari ya umeme wa Marekani, ni Amazon, muuzaji mkubwa wa mtandaoni, mwenye yadi zake, chaja zake na pesa zake. Yeye hatanyimwa usingizi na bei ya mtumba.

Umeme wenyewe sitausema sana. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sawa, lakini mvua ikiangusha nguzo usiku mmoja, alfajiri gari halijajaa na mikate imeshaiva. Kwa soketi ya kawaida uniti 18 zinataka saa 7 au 8, na mashine yangu ya kukandia inatumia laini hiyo hiyo.

Ninachotaka kwa wauzaji ni kuitenganisha betri na gari. Kigali na Nairobi, Ampersand wanafanya hivyo kwa bodaboda: pikipiki ni ya dereva, betri ni ya kampuni, yeye analipia chaji. Betri ya gari haibebwi mkononi, lakini umiliki wake unaweza kugawanywa vilevile. Renault walilianza hilo mwaka 2011 kwa Kangoo ya umeme: mtu alinunua gari, betri akaikodi kwa mwezi, na ikidhoofika kupita kiwango ilikuwa mzigo wao. Hapo benki itabaki na bodi, matairi na mota, vitu ambavyo bei yake inakadirika.

Akitokea muuzaji wa kuniandikia mkataba wa namna hiyo kwa Kiswahili, aje Barabara ya 12 saa kumi alfajiri. Atatukuta tunapakia.

Msambazaji wa mikate,
Ngamiani, Tanga