Ziara za magofu zisifanywe mbio mbio

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kasoro ya ziara za siku moja hapa Unguja, ambazo huwapitisha wageni Maruhubi, kwenye magofu ya kasri la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, kisha huwapandisha Kidichi. Huko, katika hamamu (nyumba ya kuogea) iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said, mtembezaji wetu hakutuonesha hata nakshi za chokaa ukutani, zenye ndege na mitende kwa mtindo wa Kiajemi, kwa haraka ya kutufikisha kwenye duka la viungo. Vilima vya Masingini (milima hatuna, lakini hivyo vyatutosha) tuliviona dirishani tu. Watembezaji wafundishwe historia kwanza, ndipo wapewe leseni.

Msomaji wako,
Bububu, Unguja