Barua kwa Baba, kutoka Gujo

Gujo, Gifu, Japani
Septemba 21

Baba,

Asalaam aleikum. Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya alfajiri imeanza kuuma vidole. Hela ya dawa ya Mama nimeituma jana kwenye simu ya Kaka.

Uliuliza ni kazi gani hii ya kupiga picha watu wanaovua. Uvuvi wenyewe unaitwa tenkara, ni wa vijito vya milimani, nawe ungeuelewa kabla sijamaliza kusema: ufito, mshipi, ndoana, basi. Hakuna gurudumu la kukunjia mshipi. Zamani ufito ulikuwa wa mwanzi; siku hizi ni bomba jepesi la kama mita 3.6 linaloingia ndani kwa ndani mpaka linaenea mkobani. Chambo si ngisi wala dagaa. Ni ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ya ndege, wanaiita kebari. Aina ninayoipenda manyoya yake yameelekea mbele, hivyo mkondo ukiyasukuma yanajikunja na kujikunjua, utadhani mdudu anahema.

Samaki ni amago, mwenye madoa mekundu ubavuni, wengi wa shubiri moja tu. Kijito tunachorekodi, wanarudishwa majini. Najua hilo hutalipenda. Lakini ungemwona mzee ninayemrekodi akilowesha mkono kwanza ili asimtoe samaki ute, ungemheshimu.

Mwezi wangu wa kwanza hapa niliharibu kazi. Nilisimama upande wa juu ili nipate uso wa mvuvi, kumbe samaki wa kijito huelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Aliniona mimi kabla kebari haijatua. Nikahamia chini, nyuma ya mzee, nikafunga kwenye kamera kioo cha kukata mng'aro, sasa naona hadi changarawe za chini. Bado nikawa nachelewa. Samaki huidaka kebari na kuitema kufumba na kufumbua. Nikimwona mimi, yeye ameshaondoka.

Siku moja nikaacha kutazama maji, nikamtazama mzee. Bega lake hutulia kidogo kabla hajavuta. Baba, nilikuona wewe pale, kidole cha shahada juu ya mshipi, tumetia nanga nje ya Pangani, ukijua samaki changu ameonja chambo na mimi sijaona kitu. Tangu siku ile naanza na mkono wake, maji baadaye, na picha zimekuwa picha.

Mama asihofu dubu. Wapo, ila tunatembea na kengele kiunoni.

Mwisho wa mwezi huu msimu unafungwa mpaka mwakani. Desemba nitakuja, kaskazi ikiwa imeshaanza. Naomba unikubalie nikurekodi baharini, mkono wako tu ukitaka, uso niuache. Na Kaka asiuze ule mtumbwi kabla sijafika.

Mwanao