Njia Uliyoichora Haitafaa, Mtani Wangu

Nyegezi, Mwanza
9 Mei

Mtani wangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka kanda ya ziwa. Mimi na wa nyumbani kwangu tu wazima, na natumaini barua hii itakukuta nawe mzima huko Kisarawe, ukiendelea kuwatoa jasho wenzako katika vilima vya Pugu. Ramani ya njia uliyoichora kwa ajili ya safari yetu ya baiskeli ya mwezi wa saba nimeipata na nimeikagua kwa siku tatu. Nimeona afadhali nikuandikie kwa urefu kuliko kukupigia simu, kwa sababu ninakusudia kuikataa karibu yote, na mtani hakataliwi kwa maneno mawili.

Kosa si lako. Umetazama mistari ya mwinuko, ukaona kwamba kutoka Nyanguge hadi ng'ambo ya mto Simiyu, upande wa Magu, nchi ni tambarare, ukasema hapo ndipo tutakapokwenda kwa raha huku Ghuba ya Speke ikiwa mkono wetu wa kushoto. Ramani haikukudanganya kuhusu mwinuko. Ilinyamaza tu kuhusu udongo, na huku kwetu udongo ndio unaoamua kama baiskeli itakubeba wewe au wewe utaibeba baiskeli.

Wasukuma waliigawa ardhi hii kwa majina tangu zamani, na majina hayo hufuata mteremko. Juu kabisa kuna miamba ya matale, ile ile iliyoupa mji wetu sifa ya kuitwa Jiji la Miamba. Chini yake kuna luseni, mchanga mwepesi wa chengachenga uliotokana na kumomonyoka kwa miamba yenyewe. Ukizidi kushuka unakutana na itogolo na ibambasi, udongo wenye tabaka gumu ambalo maji hayalipenyi kwa urahisi, na bondeni kabisa ndiko kwenye mbuga. Neno hilo usilielewe kwa maana ya simba na watalii, kwani hapa mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa huvimba na kunata, na ukikauka hupasuka nyufa. Njia yako, mtani, imepita mbugani mwanzo hadi mwisho.

Elimu hii niliilipia mwenyewe mwaka juzi, mwezi wa nne, katika bonde hilo hilo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mmoja tu, asubuhi mbingu zikawa nyeupe, nami nikajiona mjanja. Mita mia za kwanza nilipita bila neno. Kisha nikasikia mkwaruzo, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali, na nilipotazama chini nikaona tope limejaa kati ya tairi na uma wa mbele, limechanganyika na majani makavu kama udongo wa kukandikia nyumba, gurudumu limegoma kabisa kuzunguka. Nililichokonoa kwa kijiti, nikasukuma hatua kumi, likajaa tena. Mwishowe niliitia baiskeli begani, na viatu navyo vikawa vinaongezeka uzito kila nilipoinua mguu, mpaka kijana mmoja mchunga ng'ombe, aliyekuwa amesimama pembeni peku akicheka bila kujificha, akanielekeza kwa fimbo yake kwamba njia ya watu iko juu, kule kwenye mihogo. Akaniuliza kwa upole nilikuwa natafuta nini mbugani, maana hata ng'ombe wake siku hiyo hakuwapitisha hapo.

Tangu hapo nasoma njia kwa mazao. Nikiona mihogo na viazi vitamu najua niko mchangani na ninaendelea. Nikianza kuona majaruba ya mpunga na migunga mifupi, natafuta kichochoro cha kupandia juu.

Utanijibu kwamba mwezi wa saba hakuna mvua, na hilo ni kweli, kwa kuwa huo ndio wakati wetu mkavu kuliko wote. Lakini mbuga kavu ina ugomvi wake: nyufa pana za kutosha kunasa tairi, na nyayo za ng'ombe zilizokauka zikawa ngumu kama matofali, ambazo zitakutikisa viganja hadi ushindwe kushika breki. Huyo Speke ambaye ghuba ilipewa jina lake aliingia Mwanza akitokea Tabora mwanzoni mwa mwezi wa nane, mwaka 1858. Nina hakika angekuja mwezi wa nne, ziwa lingemsubiri zaidi kidogo.

Sasa nikueleze ninachopendekeza. Siku ya kwanza tusifanye makubwa: tutoke hapa Nyegezi alfajiri, tushuke Luchelele, tupite Malimbe karibu na chuo kikuu, turudi kabla jua halijawa kali, ili uizoee tu hewa ya huku. Kumbuka kwamba ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wewe unatoka pwani.

Siku ya pili tutaelekea kaskazini, tupite uwanja wa ndege hadi Igombe na Kayenze, kisha tuibukie Nyanguge kwenye barabara kuu ya Musoma na kurudi kupitia Kisesa. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inakupa vilima na maji kwa zamu, na kwa sababu ya mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki. Mwaloni asubuhi utakuta dagaa wameanikwa juu ya mchanga na juu ya nyavu, wanang'aa kama vipande vya bati, na akina mama wakipita katikati wakiwageuza. Hapo tutashuka na kusukuma baiskeli. Sitaki kusikia kwamba tairi la mgeni wangu limepita juu ya biashara ya mtu. Tusikae sana ufukweni, maana kuanzia mchana upepo hutoka ziwani, na ingawa utatupoza, utatujazia vumbi machoni kila lori litakapotupita. Na usinawe miguu kwenye maji yaliyotulia penye matete, hata yakionekana safi namna gani, kwa kuwa kichocho hakibishi hodi.

Katika vijia vyembamba vya huko kuna adabu moja ambayo huko Pugu huenda hukuihitaji. Ukikutana na mtu kwenye baiskeli ya Phoenix aliyefunga gunia la mkaa au matenga ya samaki nyuma, mpishe mapema, utoke kabisa njiani. Yeye akisimama kwenye mchanga na mzigo ule hataweza kuondoka tena bila kusukumwa, na akiwa anateremka hana breki za kumzuia. Ukimpisha, atakusalimu, na mara nyingi atakuambia hali ya njia iliyoko mbele kwa usahihi kuliko simu yako.

Ile duara uliyoitaja ya kuvuka kwa kivuko hadi Kamanga, kwenda Sengerema na kurudi kwa Daraja la Magufuli la Kigongo na Busisi sitaipinga, ila naiona kuwa ya picha zaidi kuliko ya baiskeli. Daraja hilo lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi wa sita mwaka 2025, ni zuri kulitazama, lakini baada yake utakuwa kwenye lami na mabasi hadi Usagara, na hukusafiri umbali wote huo kuja kufukuzana na mabasi.

Badala yake nakuomba tuziweke siku mbili za mwisho kwa ajili ya Ukerewe. Tutapakia baiskeli kwenye meli ya Nansio, na kisiwani tutakuwa na karibu kila ulichoniandikia kwamba unakitamani. Barabara nyingi ni za changarawe na magari ni machache. Kuna vilima vya mawe kama Handebezyo, ambako ukipanda unaliona ziwa likiwa na visiwa vilivyotawanyika hadi macho yachoke, na kuna shamba la miti la Rubya, lenye misonobari iliyopandwa kwa safu, ambako majani makavu yamelala njiani kama mkeka na tairi halitoi sauti yoyote. Mara ya mwisho nilipopita humo nilisimama nikidhani nimepata pancha, kumbe ni ule ukimya tu. Kutoka kisiwani tutavuka kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, na tukiwa na nguvu tutaendelea hadi Bunda, tukichoka tutatafuta gari.

Kuhusu baiskeli yako, zile tairi za milimita 35 unazozisifu ziache nyumbani. Mchanga wa luseni ukiwa mkavu humeza tairi nyembamba, kwa hiyo njoo na za 45 kama uma wako unaziruhusu, nasi tutapunguza upepo tutakapoingia mchangani na kuujaza tena kwenye changarawe ngumu. Miiba ya migunga haina huruma. Nilipopasuliwa tairi ubavuni karibu na Kisesa, fundi wa chini ya mwembe alikata kipande cha tairi kuukuu, akakichonga kingo kwa kisu mpaka zikawa nyembamba kama karatasi, akakitia ndani kati ya tairi na tyubu, akaniambia niende nacho hadi mvua za vuli. Nilikwenda nacho hadi Krismasi. Mafundi hawa wapo kila senta, lakini tyubu wanazouza ni za baiskeli za mizigo, na vali zake ni nene kuliko tundu la rimu zako. Basi njoo na tyubu zako mwenyewe, zisizopungua nne, na pampu inayoingia kwenye vali nyembamba, kwani yangu ilivunjika mdomo mwezi uliopita na hapa mjini bado sijapata ya kuibadilisha. Ukipita Kariakoo kabla ya kusafiri, ninunulie na mimi moja, tutahesabiana ukifika.

Niandikie siku utakayoondoka na kama unakuja kwa basi au kwa treni, ili nijue nikusubiri wapi na baiskeli yako itahitaji gari la namna gani.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ni mimi mtani wako,
wa Nyegezi