Nguo za chumba cha baridi zina ufuaji wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo la nguo nene wanazovaa ndani ya koti wapakiaji wa vyumba vya baridi hapa jijini. Mume wangu yuko mwaka wa tisa katika kazi hiyo. Anabeba maboksi ya samaki waliogandishwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na nguo zake nazifua mimi.

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kuna watu wanalowa jasho ndani ya friji, anakushangaa. Lakini boksi ni zito, koti la juu halipitishi hewa, na kila akitoka kupanga mzigo kwenye lori anakutana na joto letu hili akiwa na nguo zilezile. Jasho lote linanywewa na ile suti nene ya ndani, ya manyoya ya poliesta. Zamu ikiisha inaingia kwenye begi ikiwa mbichi. Mwaka juzi mama mmoja kwenye daladala alifunika pua kwa khanga. Mume wangu akashuka Mtoni kwa Aziz Ali, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani Mbagala. Aliponisimulia, usiku ule sikupata usingizi.

Nilikuwa naifua kama shuka: maji ya moto, jiki, kisha dawa ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua. Ikikauka inanukia. Kesho yake akishaivaa na mwili kupata joto, harufu ile inafufuka, safari hii imechanganyika na maua, na hapo ndipo inapokera zaidi.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, mzamiaji aliyefanya kazi kwenye vizimba vya samaki huko Norway. Maji ya kule ni ya baridi, hivyo wazamiaji huvaa suti isiyoingiza maji, na chini yake nguo nene kama hii hii. Maji hayaingii, ila jasho nalo halina pa kutokea. Aliishika suti ya mume wangu, akaisugua kati ya vidole, akasema, “Shemeji, hii umeipaka mafuta.” Nami nikashika. Kweli, ilikuwa inateleza, manyoya yamelala kama nywele zilizopakwa mgando. Akanieleza kuwa kinachompa mtu joto ni hewa iliyonaswa kati ya manyoya yale. Yakilala, hewa haipo, na mtu anaingia kwenye barafu amevaa kitambaa kitupu. Jasho lenyewe likitoka halinuki; wanaolinukisha ni bakteria wa ngozini, na poliesta inashika mafuta ya mwili wanayoyala. Utando wa ile dawa ya kulainishia unayafungia humo humo.

Sasa suti hailali kwenye begi hata usiku mmoja. Naigeuza nje ndani, nafunga zipu, nailoweka nusu saa kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kikombe cha siki nyeupe. Halafu sabuni ya maji, kidogo tu. Naibonyezabonyeza, sipigi brashi wala sisokoti. Jiki niliiacha kabisa.

Kilichonisumbua zaidi ni suuzo la mwisho. Kisima chetu kina chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Nguo uliyoisuuza kwa maji yale, ukiiacha kwenye kamba siku mbili, ukiibana kwapani bado unasikia ubichi, na masika ndiyo usiseme. Kwa hiyo suuzo la mwisho ni maji ya bomba, au ya mvua niliyoyakinga kwenye simtanki. Kisha naianika kivulini penye upepo. Juu ya bati la moto manyoya yanakakamaa.

Ndani ya suti sasa anavaa fulana nyepesi ya mikono mirefu, isiyo ya pamba kwa sababu pamba inakaa na maji mwilini. Hiyo naifua kila siku, na suti nene inatosha mara moja au mbili kwa wiki.

Lakini wenzake wengi wanavaa suti za kupokezana. Wa usiku anavua, wa asubuhi anaivaa ikiwa bado na jasho la mwenzake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na mimi sioni kinga katika nguo mbichi ya mtu mwingine. Nawaomba wenye vyumba vya baridi wampe kila mpakiaji suti mbili zenye jina lake, watenge kichumba chenye kamba na feni za kukaushia, na bomba la maji yasiyo na chumvi. Wakianza na feni kabla ya masika yajayo, tutashukuru.

Mke wa mpakia samaki,
Mbagala, Dar es Salaam